Nyinyoro za Porini: Tuzioteshe kwa Mbegu



Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike juu ya jambo lililozusha mabishano katika mkutano wetu mkuu, nalo ni bustani ya ukumbusho. Waliokuwapo wanakumbuka. Kwa waliokosa, nitaeleza kwa ufupi. Tumeruhusiwa kupanda maua katika ukanda wa ardhi kando ya kiwanja cha bustani tunachokikodi kwa pamoja, ili tuwakumbuke wazee wetu waliofia huku ugenini. Rai zilikuwa tatu. Wa kwanza walisema twende msituni, kaskazini ya jiji, tukang'oe nyinyoro za porini, maadam ziko bure. Wa pili walisema tununue matunguu mia mbili yaliyokuzwa maabarani, ya aina moja, ili kiangazi kijacho bustani iwe imejaa maua. Rai ya tatu ilikuwa yangu: tuoteshe kwa mbegu na tungoje miaka sita au saba. Watu walicheka. Mzee wetu mmoja akaniuliza, "Mwalimu, wewe una miaka sitini na sita. Unamngojea nani?"

Siku ile sikumjibu. Namjibu leo.

Kwanza tuelewane juu ya jina, kwani mwalimu hata akistaafu haachi kusahihisha. Wengi wetu huyaita maua haya yungiyungi. Kwetu pwani yungiyungi ni ua la majini, lile linaloelea bwawani. Nyinyoro ni lile linalochomoza ardhini mvua zikianza, jekundu, duara kama mpira, maua madogo mengi juu ya bua moja. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus, nao hawalihesabu katika ukoo wa Lilium, ambao ni wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Afrika yetu, kusini ya Sahara, haina Lilium ya porini hata moja. Lakini lugha ya watu si daftari la wataalamu. Mama yangu angeziona nyinyoro za Ontario angeziita nyinyoro, nami nitafuata lugha ya mama yangu.

Miongoni mwa nyinyoro za porini za huku, mbili nimezishika kwa mikono yangu. Ya kwanza ni Lilium philadelphicum. Ni fupi, hufika gotini au kupita kidogo, na ua lake ni la rangi ya chungwa iliyoiva, limetazama juu kama kikombe kinachosubiri kujazwa chai. Hupenda mahali peupe penye mchanga. Ndilo ua la jimbo la Saskatchewan tangu mwaka 1941, limo hata katika bendera yao, na sheria ya jimbo hilo inalilinda. Ya pili ni Lilium michiganense, ndefu, hufika kifuani mwa mtu mzima. Ua lake limeinama, na petali zimekunjwa nyuma kama kilemba. Hii hupenda ardhi yenye unyevu.

Sasa nakiri kosa langu, maana asiyekiri hana haki ya kuwakanya wengine. Mwaka 2012 tulikwenda kutembea porini, familia nzima, na vyakula vyetu. Nikaziona nyinyoro za rangi ya chungwa, nne, zimesimama katika mwanga wa jua. Moyo ulinipiga kama nimeona ndugu. Nikachukua kijiko cha bustani garini nikazichimba zote nne. Mjukuu wangu, wakati huo ana miaka saba, alisimama akinitazama. Akauliza, "Bibi, zitaota tena hapa?" Nikamwambia, "Zitaota." Nilijua ninasema uongo.

Matunguu yale ni madogo, na magamba yake huachana ukiyagusa. Mawili yalioza katika baridi ya kwanza. La tatu lilitoa jani, likaliwa na mdudu mwekundu wa nyinyoro, mgeni kutoka ng'ambo aliyeonekana Montreal katika miaka ya 1940 na ambaye leo yumo katika bustani nyingi za mashariki ya Kanada. La nne lilitoa majani msimu mmoja bila ua, kisha likatoweka. Kiangazi kilichofuata tulirudi pale pale. Mtoto alitangulia mbio, akapata mahali nilipochimba kabla yangu. Palikuwa na magugu tu. Hakusema neno, na heri angesema.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaosema ziko bure, nawaambia hazina bure yoyote. Katika mbuga za jimbo la Ontario na katika bustani za jiji la Toronto ni marufuku kung'oa mimea. Ardhi nyingine zote zina wenyewe. Na hata pale ambapo hakuna askari wala mwenye shamba, hesabu haikubali. Nyinyoro iliyofika kutoa ua imekaa ardhini miaka mingi, nawe unaimaliza kwa dakika tano. Namkubali mtu wa namna moja tu mwenye jembe: aliyepata ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye ardhi mahali ambapo tingatinga linakuja wiki ijayo kujenga nyumba. Huyo anaokoa. Wengine wote tunaiba.

Baada ya aibu ile nilianza kuuliza. Toronto kuna jumuiya ya wapenda mimea ya asili iitwayo North American Native Plant Society, ambayo wanachama wake hubadilishana mbegu. Kwa wenyeji wa namna hiyo nilijifunza mambo ambayo sikuyasoma madrasa wala sekondari. Nayaandika hapa ili kila nyumba iweze kujaribu.

Ua likishapita, nyinyoro hufanya kifuko chenye vyumba vitatu. Kifuko kikikauka na kuanza kupasuka, aghalabu Septemba au Oktoba, utakuta mbegu bapa zimepangwa moja juu ya nyingine kama sarafu katika mkebe. Usichukue zaidi ya sehemu moja katika kumi ya unazoziona, na uwe na ruhusa. Kila mbegu iangalie dhidi ya taa. Ile nzima utaiona ina mstari mwembamba ndani, ndiyo kiini chake. Isiyo na mstari ni ganda tupu.

Mbegu za nyinyoro hazina tabia moja. Ile ya rangi ya chungwa haina makuu: ipande majira ya kuchipua katika mchanga uliochanganywa na udongo mwepesi, nayo baada ya majuma machache itatoa jani jembamba kama unyasi. Ile ndefu ina subira ya ajabu. Inataka kwanza joto la nyumbani kwa muda wa miezi mitatu, na katika muda huo huoni kitu, kwani inafanya kazi kwa siri: inajenga kitunguu kidogo kama punje ya mchele. Kisha inataka baridi miezi mitatu mingine, ndipo jani litoke. Ukiipeleka nje kabla ya wakati, utadhani imekufa uitupe.

Mimi huzitia katika mfuko wa plastiki wenye mchanga laini uliolowa kidogo, usiochuruzika maji. Tangu Oktoba hadi Januari mfuko hukaa juu ya kabati la jikoni. Tangu Januari hadi Aprili hukaa ndani ya friji. Mume wangu alilalamika mwaka wa kwanza kwamba nimemweka "kaburi la mchanga" kando ya tui lake la nazi. Sasa amezoea, tena yeye ndiye huukagua usiote ukungu.

Vuli ya mwaka 2017 niliweka mbegu sitini za nyinyoro ndefu, kutoka mama mbalimbali. Vitunguu arobaini na kimoja vilitokea. Mwaka wa pili shemeji yangu alikuja kututembelea, na kwa wema wake akanipalilia bustani. Akang'oa "nyasi" zote kitaluni. Nyasi zile zilikuwa wanangu. Zikabaki kumi na mbili alizozisahau kwenye kivuli. Kwa hiyo nasema: wekeni vibao vyenye majina, na msimwamini mgeni mwenye bidii. Julai ya mwaka 2023, katika mwaka wa sita, tisa zilitoa maua.

Sasa niingie kwenye maabara, maana vijana wetu wengi wako upande huo, nao wana hoja zinazostahili kujibiwa. Binti ya marehemu dada yangu amefanya kazi katika maabara ya mimea. Aliniambia, "Mama mdogo, gamba moja la tunguu laweza kunipa mamia ya vitunguu. Wewe na mfuko wako wa friji utapata vingapi?"

Alinieleza kazi yao kwa utaratibu mzuri. Huchukua gamba la tunguu, hulikata vipande, huviosha kwa dawa ya klorini, kisha huvisuuza kwa maji yasiyo na kijidudu chochote. Kila kipande huwekwa ndani ya chupa juu ya uji mzito wa agari wenye sukari, madini na homoni kidogo sana ya mimea. Mchanganyiko wa madini hayo ni ule uliotangazwa mwaka 1962 na Toshio Murashige na Folke Skoog wa Wisconsin, nao unatumika katika maabara duniani kote hadi leo. Baada ya majuma kadhaa vitunguu vidogo huchomoza pembeni mwa kipande, navyo vyaweza kukatwa tena na tena. Ukungu ukiingia chupani, chupa hutupwa. Na wakichukua ncha ndogo kabisa inayokua, waweza kupata mmea usio na virusi hata kama mama yake alikuwa mgonjwa.

Haya ni mambo makubwa, wala sitayadharau. Pahala ambapo aina fulani imebaki mimea mitano mlimani, chupa yaweza kuwa tofauti ya kuwapo na kutokuwapo. Na tunguu lililotoka chupani halikutolewa msituni kwa jembe. Kwa hiyo kati ya rai ya kwanza na ya pili, ya pili ni bora mara elfu.

Lakini nilimuuliza binti yetu swali moja. "Vitunguu mia mbili vya gamba moja, hivyo ni ndugu?" Akasema, "La, Mama mdogo. Hivyo ni mmea mmoja mara mia mbili." Hapo ndipo penye hoja yangu yote. Nyinyoro nyingi, na hasa ile ya rangi ya chungwa, hazikubali chavua yake mwenyewe. Chavua ikitoka katika ua lile lile, au katika nakala yake, mbegu hazifanyiki au ni chache mno. Vipepeo watakuja, watakwenda huku na huko siku nzima, na kifuko kitakauka kitupu. Bustani ya nakala mia mbili itapendeza sana, nayo haitazaa. Ugonjwa ukiingia na kuupata udhaifu wa mmoja, umeupata udhaifu wa wote.

Mbegu ni kinyume chake. Kila moja ina baba na mama, na kila moja ni tofauti kidogo na mwenzake. Katika zangu tisa, moja ni fupi, mbili zilichelewa kutoa maua kwa siku kumi, na moja ina madoa mengi kuliko zote. Tena virusi vya nyinyoro kwa kawaida havipiti kwenye mbegu, kwa hiyo kile ambacho maabara hukipata kwa kazi ngumu, mbegu hukitoa bila gharama.

Msidhani haya ni mawazo ya bibi mmoja wa Toronto. Mwaka 1910 Ernest Wilson, Mwingereza aliyekusanya mimea kwa ajili ya Arnold Arboretum ya Boston, alikwenda katika bonde la mto Min, Sichuan, China, kufuata nyinyoro ya milimani iitwayo Lilium regale. Mawe yaliporomoka yakamvunja mguu, akabaki akichechemea maisha yake yote. Matunguu yaliyochimbwa kule yalikuwa maelfu. Leo hakuna haja ya mtu kuvunjika mguu wala mlima kuchimbwa, kwa kuwa nyinyoro ile huota vizuri kwa mbegu na hutoa ua katika mwaka wa pili au wa tatu. Na hapa hapa Ontario, mhamiaji mwenzetu, Isabella Preston, aliyekuja kutoka Uingereza mwaka 1912, alichukua nyinyoro hiyo pamoja na ndugu yake wa milima ile ile, Lilium sargentiae, akazichavusha huko Guelph. Katika mbegu zao ikatoka nyinyoro mpya iliyopata sifa nchi za nje. Jembe lisingeweza kuileta hiyo, wala chupa.

Nasi watu wa Tanga tuna kisa chetu. Lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, mnalolinunua kwenye maduka ya vyakula ya Toronto mkaliweka dirishani, ni la kwetu Usambara. Mwaka 1892 mtawala Mjerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Tangu hapo limezidishwa kwa majani na kwa chupa hata halihesabiki. Je, misitu ya Usambara ilipona kwa sababu hiyo? La. Misitu iliendelea kukatwa, na baadhi ya jamaa zake wa porini leo wako hatarini kutoweka. Ulinzi wa msitu umetoka kwenye kulinda msitu wenyewe, kama ilivyofanyika Amani mwaka 1997 ilipotangazwa hifadhi ya mazingira asilia. Nakala jikoni na uhai mlimani ni mambo mawili mbalimbali. Tusijidanganye kwamba tukinunua chupa tumeokoa pori.

Neno jingine kwa wale wanaotaka nyinyoro za nyumbani. Mwaka 1998 nilifunga matunguu manne ndani ya kanga ya mama yangu nikayatia sandukuni. Yalichukuliwa uwanja wa ndege, na haki yao. Kanada yataka cheti cha afya ya mimea, na udongo wa nje hauruhusiwi. Hata yangepita, nyinyoro yetu haistahimili theluji. Itaishi ndani ya chungu dirishani tu. Anunue kwa muuzaji halali, asome lebo. Na wenye paka wajue kwamba Lilium ni sumu kali kwa paka, hata chavua yake. Msiziweke sebuleni.

Basi pendekezo langu kwa mkutano ujao ni hili. Mosi, asing'oe mtu. Pili, tununue nyinyoro ishirini tu kutoka kwa wakuzaji wa mimea ya asili, zilizooteshwa kwa mbegu, ili wazee walio hai waone maua mapema, na tumuulize muuzaji mama zake walitoka wapi. Tatu, ardhi iliyobaki iwe ya mbegu. Kila familia ichukue mfuko mmoja Oktoba, iutunze katika friji yake, na mtoto mmoja wa nyumba hiyo aandike jina na tarehe. Nne, fedha zitakazobaki kutoka yale matunguu mia mbili ziende kwenye ua wa kuzuia sungura, kwani sungura wa Toronto hawajui ukumbusho ni nini.

Mtasema miaka saba ni mingi. Madrasa, kabla hatujasoma hata sura fupi kabisa, tulikaa na alif, be, te mpaka mikono ikanuka wino. Hakuna aliyesema apewe nakala ya msomi, aketi mahali pake. Wazee tunaotaka kuwakumbuka walifika nchi hii na masanduku mawili mawili, na wengi wao hawakuyaona matunda ya kazi yao. Kuwapandia maua ya haraka yasiyoweza kuzaa, kwangu mimi, si heshima yao.

Na sasa jibu kwa mzee wetu. Septemba ya mwaka 2023, miezi miwili baada ya zile tisa kutoa maua, mjukuu wangu alikuja nyumbani bila kuitwa. Sasa ni kijana wa miaka kumi na minane, mrefu kuniliko. Alikwenda moja kwa moja bustanini, akakagua vifuko, akanirudia jikoni.

"Bibi," aliniuliza, "tuna mifuko ya plastiki?"

Tulizihesabu mbegu mezani, tukiziangalia moja moja dhidi ya taa. Zilipokauka sawasawa tulizigawa mafungu mawili. Fungu moja liko kwangu. La pili alilipeleka mwenyewe kwa mwenye pori lile la mwaka 2012, akaomba ruhusa, akapewa, akaenda kuzifukia katika bonde lenye unyevu kando ya mahali nilipochimba. Zikijaliwa, zitatoa maua yeye akiwa na miaka ishirini na mitano.

Huyo ndiye ninayemngojea. Mifuko yenu itakuwa tayari Oktoba, na majina yaandikwe mapema.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Toronto